Ardhi ya Mizabibu Isiachwe Uchi

Katika mashamba mengi ya nchi yetu sifa ya mkulima hupimwa kwa usafi wa ardhi yake. Shamba lisilo na jani hata moja katikati ya mistari, lililopaliliwa hata udongo ukabaki mtupu mbele ya jua, husifiwa na kila apitaye, na mwenyewe hutajwa kwa heri kuwa ni mtu wa bidii. Na lile lililoachwa jani likamea hudhaniwa kuwa ni la mvivu, au la mgonjwa, au la mtu aliyekwenda safari asirudi. Desturi hii ina asili njema, maana magugu ni adui wa kweli wa mahindi na mtama, na aliyeyaachia nafasi hulala na njaa. Lakini desturi iliyo njema kwa zao moja si lazima iwe njema kwa zao jingine, na rai yangu ni kwamba kwa mzabibu wa Dodoma desturi hiyo ni khasara. Ardhi ya mizabibu yafaa ivishwe mimea iliyochaguliwa kwa hekima na kukatwa kwa wakati wake, kwa kuwa katika uchaguzi na ukataji huo mna uwezo wa kuutawala mti wenyewe, na autawalaye mti hutawala zabibu, na atawalaye zabibu ndiye mwenye neno la kwanza juu ya mvinyo.

Mzabibu si mwenyeji wa Ugogo. Wamisionari wa Kikatoliki waliupanda Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, katika miaka ya 1950, wakihitaji divai ya ibada, na kutoka huko ukaenea katika vijiji vya jirani na vya mbali, hata leo kila inapotajwa zabibu ya Tanzania hutajwa Hombolo, Mpunguzi, Chinangali na Makutupora. Mahali hapo pa mwisho pana kituo cha utafiti cha serikali, na jina lake limekuwa jina la zabibu nyekundu iliyozoea hali ya kule, ijapokuwa Chenin Blanc nyeupe na Syrah nyekundu nazo zimepata makazi. Nchi ile iko katika kimo cha mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, jua lake ni kali na usiku wake una baridi ya kiasi, na mvua yake ni haba: milimita 500 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, zinazoanguka takriban zote kati ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufungwa kwa miezi saba. Katika hali hiyo mzabibu hufanya jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalijui katika mashamba yao, nalo ni kuzaa mara mbili kwa mwaka, mavuno mamoja yakiangukia majira ya mvua, kwenye mwezi wa Machi, na mengine katikati ya kiangazi, kwenye Agosti na Septemba.

Mwenye nchi ya mvua haba hana mali ya thamani kuliko mvua yenyewe, na hesabu yake si ngumu. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni lita 10,000 za maji. Kwa hiyo mwaka wa milimita 550 humpa mwenye hekta moja lita milioni 5 na nusu, bila ya pampu, bila ya mafuta, wala bila ya ankara ya umeme. Kama robo ya maji hayo yatapita juu ya ardhi na kushuka korongoni badala ya kuzama, amepoteza zaidi ya lita milioni 1 na laki 3, nazo ndizo ambazo mwezi wa Julai atazitafuta kisimani kwa gharama. Na visima vya Dodoma si vya mizabibu peke yake. Bonde la Makutupora ndilo lililonywesha mji kwa miaka mingi, na mji huo, uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kuhamiwa na serikali kwa wingi tangu 2016, unazidi kukua na kiu yake inazidi pamoja nao. Kila lita ya mvua inayozama chini ya mzabibu ni lita ambayo mkulima hatashindana na mji kuipata.

Basi na tutazame kinachotokea mvua ya ngurumo inapoanguka juu ya shamba lililosafishwa. Tone kubwa hulipiga donge la udongo na kulivunja. Chembe zilizo laini hutawanyika na kuingia katika matundu madogo ambayo maji na hewa hupita, zikayaziba. Na jua litokapo, uso wa ardhi hukauka ukawa ukoko mwembamba ulio mgumu, ambao ukiubandua kwa ncha ya kisu hutoka vipande vipande kama vigae. Mvua ya pili ikija haipati pa kuingilia, hukusanyika, huteremka, na katika kuteremka huchukua ule udongo wa juu wenye rutuba, na samadi aliyoitia mkulima kwa kubeba kichwani au kwa kukodi gari. Fauka ya hayo, matone yale yale hurusha matope hata kwenye majani ya chini ya mzabibu, na vimelea vya ukungu vilivyolala ardhini hupanda pamoja na matope hayo, kisha mwenye shamba hushangaa kwa nini dawa yake haikufaa. Ardhi iliyofunikwa kwa majani, yawe mabichi au makavu, haipatwi na balaa hilo: jani hulipokea tone na kulivunja nguvu, maji hushuka polepole kwenye shina na mizizi, na mizizi ya mimea midogo pamoja na wadudu wa udongo huyachimbia njia ya kupita.

Mkoa wa Dodoma hauhitaji kufundishwa kadhia hii na wageni, kwa maana una makovu yake. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza Kongwa mradi mkubwa wa karanga, ikakusudia kufyeka na kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zake katika Tanganyika, na ikaleta mitambo mizito, pamoja na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, kung'oa vichaka vilivyoifunika ardhi ile tangu zamani. Udongo uliovuliwa nguo ukakutana na jua la kiangazi, ukakauka na kushupaa hata karanga zikawa taabu kuzing'oa, na mapema mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Upande wa Kondoa, ambako ukataji wa miti na wingi wa mifugo ulikuwa umeigeuza milima kuwa makorongo mekundu, serikali yetu ilianzisha mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo yote katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Hatua hiyo iliwaumiza wafugaji, na maumivu yao hayafai kusahauliwa. Lakini majani na vichaka vilirudi kwenye miteremko ambayo watu walikuwa wamekwisha kuikatia tamaa. Mambo hayo mawili, moja la kuvua na jingine la kuvika, yalitukia katika mkoa mmoja mbele ya macho ya watu ambao baadhi yao wangali hai.

Hata hivyo, kama faida ya kuifunika ardhi ingekuwa ni kuzuia mmomonyoko tu, neno hili lingewahusu wakulima wote sawasawa, wala nisingelitenga kwa ajili ya mizabibu. Mzabibu una tabia yake ya pekee, nayo ni kwamba wingi wa nguvu si neema kwake siku zote. Mti uliopata maji tele na mbolea tele hukimbilia majani: matawi hurefuka, majani hujipanga tabaka juu ya tabaka, na vishada hubaki gizani, ambamo hewa haipiti, umande haukauki, na ubwiriunga hupata makao. Zabibu za mti wa namna hiyo huwa kubwa na zenye maji mengi, rangi yake ni hafifu, na mvinyo wake hutoa harufu ya majani mabichi. Mti uliobanwa kwa kiasi, yaani uliopata haja yake pasipo ziada, husimamisha matawi mapema na kuelekeza nguvu kwenye tunda. Zabibu zake huwa ndogo, na kwa kuwa rangi, harufu na ukakasi wa mvinyo mwekundu hukaa zaidi katika ganda, tunda dogo lenye ganda jingi kwa kadiri ya maji yake hutoa kinywaji kilicho kizito na chenye tabia. Lakini mti uliobanwa kupita kiasi hudhoofika, majani yake hukauka kabla ya wakati, na vishada huachwa wazi vikaungua kwa jua. Kazi yote ya mkulima wa zabibu ni kuushika wastani huo, na mimea inayoota katikati ya mistari ni hatamu mkononi mwake: akiilegeza mti huenda mbio, akiikaza mti hupunguza mwendo.

Wakulima wa nchi nyingine wameishika hatamu hiyo, kila mmoja kwa namna inayoafikiana na mbingu yake. Bordeaux, magharibi ya Ufaransa, ambako mvua hunyesha katika majira yote ya mwaka, nyasi huachwa makusudi zinywe maji yaliyozidi, ili mzabibu usinenepe kwa majani. Kusini ya nchi hiyo hiyo, katika Languedoc yenye kiangazi kikavu, wachunguzi wa Montpellier wameona kwamba mzabibu unaoshindana na nyasi hupeleka mizizi chini zaidi kutafuta maji ambayo nyasi haziyafikii. Lakini wameona vilevile kwamba nyasi zikiachwa mno mavuno hupungua, na nakisi hiyo haikomi kwa mwaka mmoja, kwa sababu vishada vya mwaka ujao huanza kuumbwa ndani ya macho ya matawi ya mwaka huu. Katika Rasi ya Afrika Kusini, karibu na Stellenbosch, nafaka na mikunde hupandwa mwanzoni mwa majira ya baridi, hunywa mvua za majira hayo wakati mizabibu imelala bila ya jani, kisha huuawa kabla macho hayajafumbuka, na mabaki yao huachwa yaifunike ardhi muda wote wa joto.

Kuna na upande wa pipani, ambao mkulima hauoni lakini kiwanda huuona. Hamira inayogeuza sukari ya zabibu kuwa mvinyo ni kiumbe hai, na kama viumbe vyote huhitaji chakula, hasa naitrojeni. Maji ya zabibu yakipungukiwa na naitrojeni inayofaa hamira, na wataalamu hutaja miligramu 140 kwa lita kuwa kiasi cha chini cha kutia moyo, uchachukaji huenda kwa kusuasua, pengine husimama njiani, na mara nyingi hutoa harufu ya yai viza. Nyasi zinazoachwa siku zote katika udongo maskini huinyang'anya mizabibu naitrojeni hiyo, na kadhia hiyo imewasumbua watengeneza mvinyo wa Uswisi na Ujerumani hata wakarudi kuulizana upya juu ya nyasi zao. Mikunde ina fadhila ya kuvuta naitrojeni kutoka hewani na kuitia ardhini, lakini nayo ikizidi katika udongo wenye rutuba huurudisha mti katika ulevi wa majani. Inafaa kukumbuka kwamba mzabibu si mlafi: tani moja ya zabibu huondoka shambani na kilo moja hadi mbili hivi za naitrojeni, ilhali mikunde iliyostawi yaweza kuleta makumi ya kilo kwa hekta. Kwa hiyo mwenye udongo wa kichanga uliochoka na apande mikunde. Mwenye shamba la bondeni, ambalo mizabibu yake ina majani kama msitu, na aweke nafaka au nyasi. Na asiyejua shamba lake ni lipi kati ya hayo na ayatazame matawi yake kabla ya kununua mbegu.

Sasa nafika kwenye hujja ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo. Kalenda hizo zote za ng'ambo zimejengwa juu ya msingi mmoja, ambao ni usingizi wa mzabibu. Katika nchi za baridi mti hupukutisha majani na kulala kwa miezi kadhaa, na katika miezi hiyo mimea ya kufunika ardhi hukua bila ya kumdhulumu mtu. Dodoma mzabibu haulali. Mvua inaponyesha mti u macho, una majani, maua au matunda, na kila mmea unaoota kando yake ni mshirika wake mezani. Atakayechukua kitabu cha Ufaransa au cha Rasi na kukifuata neno kwa neno atapata khasara, kisha atasema kwamba elimu ya kufunika ardhi ni uongo, na atakuwa ameisingizia elimu kosa la kalenda. Mzabibu wa Dodoma hupumzika kwa amri ya mkulima, yaani kwa mkasi, anapoupogolea mara mbili kwa mwaka. Basi huo mkasi ndio uwe kalenda yetu.

Maana yake kwa matendo ni hii. Mwanzo wa mvua, baada ya kupogolea kwa ajili ya mavuno ya Machi, mkulima apande katikati ya mistari mmea wa muda mfupi, na aiache kando ya kila mstari wa mizabibu nafasi ya nusu mita isiyopandwa kitu, ili mashina yapate hewa na mizizi ya karibu isibughudhiwe. Katika miezi ya mvua nyingi mmea huo utakunywa ziada, utaizuia ardhi isichukuliwe, na utautuliza mzabibu usikimbilie majani katika yale mavuno ambayo ukungu huyaonea zaidi. Ukifika wakati wa kutoa maua, na mvua zikaanza kurefusha nafasi kati ya moja na nyingine, ukatwe kwa fyekeo juu kidogo ya ardhi, mizizi ibaki ndani na majani yalazwe pale pale. Na iwapo ukavu utawahi kuja Februari, kama unavyowahi miaka mingine, ukatwe siku hiyo hiyo bila ya kungojea ua. Kwa vyovyote vile usiwe hai tena siku ya kupogolea kwa pili. Tangu hapo kazi yake ni kuwa matandazo: kuifunika ardhi kiangazi chote, kuzuia jua lisiufyonze unyevu uliobaki, na kuyapoza mazingira ya vishada vinavyoiva Agosti, kwa kuwa udongo mtupu hurudisha joto juu na kuzichoma zabibu kutoka chini, zikapoteza upesi ule uchachu unaoupa mvinyo mweupe uhai wake.

Mbegu zake hazihitaji kuagizwa kwa meli. Kunde, choroko, karanga na njugu mawe zimelimwa Ugogo kizazi baada ya kizazi, na marejea, ambayo watawa wa Peramiho waliieneza kwa juhudi kubwa katika nchi ya kusini kwa ajili ya kurutubisha ardhi, inajulikana kwa wakulima wengi. Kila moja ina adabu zake. Fiwi hufunika ardhi kwa uzuri usio kifani, lakini hutambaa na kupanda juu ya nyaya, na asiye na wasaa wa kuirudisha chini kila wiki asiilete karibu na mizabibu. Kunde zinazosimama ni bora kuliko zinazotambaa, na majani yake ni mboga ya nyumbani, lakini huvutia minyoo midogo inayovimbisha mizizi, ambayo mzabibu nao huiogopa. Marejea huipunguza minyoo hiyo, kwa hiyo ni busara kuzipokezanisha mwaka hadi mwaka. Na mkulima akitaka kujua kama mikunde yake inafanya kazi au inakula bure, na ang'oe mche mmoja kabla haujatoa maua, akung'ute udongo, avitafute vile vinundu vidogo vilivyoshikamana na mizizi, na akipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, naitrojeni inavutwa. Kikiwa cheupe au cha kijani, mmea ule unaishi kwa jasho la shamba lake.

Zipo hujja za upande wa pili, na insafu yataka zisikilizwe. Wapo wasemao kwamba katika nchi ya kiu ni wazimu kumkaribisha mnywaji wa pili. Neno lao ni la haki kabisa juu ya nyasi za kudumu, nami sizipendekezi Dodoma mahali popote isipokuwa bondeni penye maji. Lakini halifiki kwenye mmea wa miezi miwili au mitatu, uliokatwa kabla ya ukavu, ambao maji unayoyanywa huyalipa kwa yale unayoyazuia yasiteremke na yasipande hewani. Anayeshuka daraja kwa daraja huanguka mara chache. Naye mwenye shaka na aanze kwa kupanda mstari mmoja na kuacha mmoja, aione yote miwili kwa jicho moja msimu mzima, kisha aamue. Wapo wanaotaja mchwa, ambao Dodoma huijua vizuri mizabibu. Matandazo yaliyorundikwa shinani huwakaribisha kweli, na dawa yake ni ile nusu mita iliyoachwa wazi na ukaguzi wa mara kwa mara. Wapo wanaotaja kazi ya mikono, nayo si ndogo. Lakini kupanda mara moja na kufyeka mara moja au mbili si kazi kubwa kuliko kupalilia mara nne au tano katika majira hayo hayo.

Ugumu ulio mkubwa kuliko yote ni mifugo. Baada ya mavuno, katika vijiji vingi, shamba huwa kama mali ya wote, na ng'ombe na mbuzi huingia kula kilichobaki. Majani aliyoyalaza mkulima kwa ajili ya kiangazi ni karamu kwao, na kwa mfugaji aliye na njaa ya malisho mwezi wa Julai ni vigumu kuona dhambi iko wapi. Jambo hili haliwezi kumalizwa na mtu mmoja kwa kusimama na fimbo mpakani. Linahitaji halmashauri za vijiji zikae na wafugaji na wakulima, zitunge sheria ndogo zinazoeleweka, na zitenge malisho ya kiangazi, ili ulinzi wa ardhi ya mmoja usiwe njaa ya mwingine. Kondoa ilitufundisha kwamba ardhi hupona ikipumzishwa, na ilitufundisha pia kwamba kuipumzisha kwa amri tupu, pasipo kumtengenezea mwenye mifugo pa kwenda, huacha uchungu usiokwisha.

Na wajibu si wa mkulima na kijiji peke yao. Mahali ambapo zabibu hununuliwa kwa kilo tu, bila ya kutazama sukari yake, afya yake wala rangi yake, mkulima hana sababu ya kuubana mzabibu hata kidogo, kwa kuwa maji yaliyojaa ndani ya tunda humlipa sawasawa na utamu. Kiwanda kinachotaka mvinyo ulio bora na kiutafute bei yake shambani: kiweke kipimo cha sukari mezani mbele ya muuzaji, kimwonyeshe, na kilipe tofauti iliyo ya kweli. Kituo cha Makutupora nacho kina wataalamu na mashamba. Laiti majaribio ya mimea hii yangefanywa pia ndani ya mashamba ya wakulima, juu ya kichanga na juu ya mfinyanzi, kwa mavuno yote mawili na kwa miaka isiyopungua mitatu, na zabibu za kila jaribio zikatengenezwa mvinyo kando kando, ukaonjwa, badala ya kupimwa kwa uzito peke yake. Maofisa ugani nao na waache kulipa shamba tupu alama ya juu kwa sababu ya utupu wake.

Msomaji ambaye dini yake imemkataza mvinyo huenda akauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu zabibu huliwa mbichi, hukaushwa na hukamuliwa juisi, na sifa ya tunda lililoiva vyema ni moja katika hali zote hizo. Na zaidi ya hapo, udongo unaoteremka korongoni hauulizi mmiliki wake anaswali wapi. Ardhi tumeipokea kwa waliotutangulia na tunaishika kwa ajili ya watakaokuja, na amana haitunzwi kwa kuipangusa tu. Mvua za mwaka huu zitakapokaribia, mkulima wa Hombolo au wa Mpunguzi atakayetenga mistari michache, akapanda kunde zake, akaitazama kwa makini ikilinganishwa na ile iliyopaliliwa, na akaandika alichokivuna Machi na alichokivuna Agosti, atakuwa amelifanyia taifa utafiti wa thamani, na majirani watakaouona mzabibu wake hawatahitaji makala ya kuwashawishi.